Hesabu ya Mashuka

Wengine wanaihesabu kwa majengo,
wengine kwa waganga wakuu, picha zao ukutani pale mapokezi.
Mimi, Aikande Kileo, dobi wa hospitali ya mkoa, Moshi,
miaka thelathini na minne,
naihesabu kwa mashuka.

Nilipoajiriwa yalikuwa mia na arobaini,
kila moja na herufi zake pembeni, uzi mwekundu.
Wodi tatu za bati. Pipa la maji ya moto,
sabuni ya mche, bluu ndani ya kitambaa,
na kamba kumi na moja nyuma ya jengo
zikiutazama mlima siku ukikubali kutazamwa.
Mzee Mbonea, Mpare aliyenifundisha kazi, alisema:
damu haitaki maji ya moto, utaipikia humo humo.
Baridi kwanza.
Kila kitu, binti, baridi kwanza.

Aprili nzima mashuka yalinuka moshi,
si mji, ule wa kuni,
maana tuliyakausha juu ya jiko la chakula cha wagonjwa.
Mtu akipona alirudi kwao Kibosho
akinukia maharage.

Kisha ikasemwa afya ni ya kila kata.
Lori likaanza safari: Rombo, Mwanga, Same kule kwenye vumbi,
likishusha mabunda yangu zahanati kwa zahanati
na kurudi na udongo wa kila mahali.
Shuka la Same nililijua kwa wekundu wake kabla ya kusoma lebo.
Tarakea sijafika hadi leo,
lakini nimeifua.

Ikaja miaka ya wawili kitanda kimoja,
halafu watatu, na wa nne sakafuni, kichwa chini ya chaga.
Ugonjwa hatukuutaja. Tulivaa glavu mbili mbili.
Mashuka yalitoka yasirudi,
nami kwenye daftari niliandika "yamepotea",
kwa sababu safu ya "yamezikwa" haikuwepo.

Ikaja ya kuchangia gharama.
Asubuhi moja tulikuta matano yamefungwa mafundo
dirishani, wodi namba mbili, yananing'inia hadi kwenye maua.
Mgonjwa keshaondoka na kidonda chake na deni lake.
Mhasibu alifoka mpaka saa nne.
Mimi nilikagua mafundo. Yalikuwa yamekazwa sawasawa.
Nikasema moyoni: huyu amepona.

Sasa pana ghorofa nne na lifti,
na mashine inayofua, inakamua, inakausha,
ikimaliza inalia kama mbuzi.
Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alisoma idadi:
vitanda, vipimo, madaktari bingwa.
Sisi wastaafu tulikaa chini ya turubai, soda na kofia.
Nilipokwenda msalani nikapitia nyuma.
Nguzo mbili za kamba bado zimesimama,
katikati yake gari la mtu.

Wiki iliyopita mkwe wangu alishikwa uchungu, usiku, Uru.
Zahanati ipo, dakika kumi kwa mguu.
Mama yangu, kwa njia hiyo hiyo,
alibebwa kwa machela ya gunia kuteremshwa mjini
na hakufika.
Hilo nalo nalihesabu. Daftari lake sina.

Nesi, msichana mdogo, kalamu kwenye nywele, akauliza:
Bibi, shuka mmekuja nalo?
Tulikuja nalo. Jeupe, la kwangu, halina herufi.
Nikaanza kulitandika, pembe ya kwanza,
mkunjo ule wa Mzee Mbonea, kama bahasha.
Akasimama kutazama.
Nani alikufundisha hivi?
Mkwe alikuwa ameshika ukuta, anapumua kwa nguvu.

Nikamwambia nesi: shika huko.
Vuta upande wako.